Vyanzo viwili (au vitatu?) vya kelele za upepo, doa moja kwenye ramani. Nivitenganishe vipi?

Ufito10

Habari zenu wakuu. Huwa nasoma tu humu na kuondoka kimya kimya, ila leo maji yamefika shingoni.

Nafanya majaribio kwenye handaki la upepo la mkondo wazi. Mdomo wa mkondo una upana wa sentimita 50. Katikati nimesimamisha bawa lenye milimita 150 kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Milimita 100 mbele ya bawa kuna ufito wa chuma wenye kipenyo cha milimita 10, kazi yake kuutibua upepo kabla haujalifikia bawa. Kasi ni mita 40 kwa sekunde. Maiki ni 64, zimepangwa kwa mikono ya konokono kwenye fremu ya kipenyo cha mita 1, nje ya mkondo, mita 1.2 kutoka kwenye bawa. Narekodi sekunde 30 kwa sampuli 51,200 kila sekunde, kisha nakata bloku za sampuli 4,096.

Natafuta kitu kimoja: kelele ya ukingo wa nyuma peke yake ni desibeli ngapi, bila kuchanganyika na ya ukingo wa mbele wala ya ufito.

Njia ya kawaida ya kuchora ramani ya mahali kelele inapotoka, ya kuchelewesha sauti ya kila maiki na kujumlisha, inanipa doa moja nene kuanzia 800 Hz hadi karibu 3 kHz. Limemeza ufito, bawa zima, na hewa ya jirani. Nikahamia CLEAN-SC, algorithimu ya kusafisha ramani hizo. Ramani ikawa safi, hata kuitazama raha: kidoa kimoja kidogo chekundu. Ila kidoa chenyewe kimekaa kati ya ufito na ukingo wa mbele, yaani hewani, mahali pasipo na chuma wala bawa! Na nikijumlisha nguvu ya eneo la ukingo wa nyuma napata sifuri. Sisemi ndogo, nasema sifuri. Ulalo wa matriksi (jedwali linalolinganisha kila maiki na kila maiki; ulalo ni pale maiki inapolinganishwa na yenyewe) nimeufuta kama wanavyoshauri wote.

Juu ya 4 kHz angalau naona vidoa viwili, lakini vyote vimesogea kuelekea upepo unakokwenda, karibu sentimita 3.

Swali langu: nibadilishe algorithimu? Nimeona majina mengi mpaka kichwa kinauma. Natanguliza shukrani.

---

Ulalo_Sifuri

Kabla ya algorithimu, piga hesabu ya uwezo wa safu yako, yaani hizo maiki 64 kwa pamoja. Umbali mdogo kabisa wa vyanzo viwili ambao safu inaweza kuvitofautisha kwa njia ya kawaida ni karibu 1.22 mara urefu wa wimbi mara umbali wa safu, ugawanye kwa kipenyo cha safu. Kwa 800 Hz wimbi lina sentimita 43, kwa hiyo unapata sentimita 63. Wewe unataka kutenganisha sentimita 15. Kwa mpangilio wako sentimita 15 zinapatikana kuanzia karibu 3,350 Hz, na sentimita 10 za ufito na ukingo wa mbele kuanzia karibu 5 kHz.

Chini ya hapo jaribu algorithimu ya DAMAS. Inachukua ramani chafu na kuuliza: ni mgawanyo gani wa vyanzo ungeweza kutoa ramani hii? Ni milinganyo ya mstari tu, sharti moja likiwa nguvu isiwe hasi. Brooks na Humphreys wa NASA Langley ndio walioileta. Ukiigawa ramani kwa gridi ya pointi 41 kwa 41 ni visivyojulikana 1,681, kompyuta ya kawaida inatosha.

---

FundiMaiki

Ufito10, karibu. Mwenzangu hapo juu hesabu zake ni sahihi, ila DAMAS aliyokupa haitakuponya kwa ugonjwa huu. Nitaandika kirefu kidogo, unisamehe, maana nimelala na ugonjwa huu kitanda kimoja.

Tazama ulichojenga. Upepo wa mita 40 unapita kwenye ufito wa milimita 10. Nyuma ya ufito visulisuli vinang'oka kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Namba ya Strouhal, inayounganisha mdundo wa visulisuli na kasi na kipenyo, kwa ufito wa duara ni karibu 0.2, kwa hiyo unapata 0.2 mara 40 gawanya kwa 0.01, sawa na 800 Hz. Ndiyo kelele ya ufito. Sasa visulisuli hivyohivyo vinasafiri sentimita 10 na kugonga ukingo wa mbele wa bawa. Vinaugonga mara ngapi kwa sekunde? Mara zilezile. Kwa hiyo una sauti mbili, mahali pawili, ila mpigaji ngoma ni mmoja. Sauti za namna hii ndizo zenye koherensi, na hapo ndipo karibu zana zote za kutenganisha zinapoteleza.

CLEAN-SC ya Sijtsma ya mwaka 2007 inafanya hivi: inatafuta kilele cha ramani, inauliza ni kitu gani kwenye matriksi kinakwenda mdundo mmoja na kilele hicho, inakitoa chote, inaweka kidoa kizuri pale, halafu inarudia. Wazo la kusafisha kilele kwa kilele limetoka kwa wanaastronomia wa redio, Högbom mwaka 1974. Nyongeza ya Sijtsma ndiyo hiyo ya mdundo mmoja, na ni nyongeza nzuri sana, kwa sababu vivuli vya uongo vya pembeni daima hucheza mdundo wa mama yao, kwa hiyo vinaondoka pamoja naye. Lakini ukingo wako wa mbele nao unacheza mdundo wa ufito! Algorithimu haijui kama huyu ni kivuli au ni mtu. Inafagia vyote viwili na kuvihesabu kuwa kimoja. Na kwa kuwa kwenye masafa hayo safu yako haioni sentimita 10, kilele chenyewe kimeangukia katikati. Ndicho kidoa chako cha hewani. Wala programu haijaharibika.

DAMAS nayo imejengwa juu ya dhana kwamba kila pointi ya gridi inapiga kelele kivyake. Ukiipa vyanzo vyenye koherensi itakupa jibu, tena kwa kujiamini, na jibu litakuwa la uongo. Ipo DAMAS-C kwa ajili ya koherensi, lakini hapo hutafuti nguvu ya kila pointi tu, unatafuta uhusiano wa kila pointi na kila pointi nyingine. Pointi 1,681 zinageuka visivyojulikana milioni 2.8. Kila la heri.

Hiyo sifuri ya ukingo wa nyuma ina sababu nyingine. Ukifuta ulalo, ramani inaweza kutoa nguvu hasi, na programu nyingi hugeuza hasi kuwa sifuri bila kukuambia. Ulalo tunaufuta kwa sababu kelele ya upepo unaopiga maiki moja moja inakaa hapo tu, haishirikiani na maiki jirani. Lakini maiki zako ziko nje ya mkondo! Upepo gani unazipiga? Jaribu kuubakiza uone tofauti. Mimi nimeona watu wanaufuta kama wanavyovua viatu mlangoni, bila kufikiri.

Kusogea sentimita 3 ndilo jambo jepesi kuliko yote. Sauti inapokuwa bado ndani ya mkondo, upepo unaibeba. Nusu ya mkondo wako ni sentimita 25, kasi ni 0.117 ya mwendo wa sauti, zidisha: sentimita 2.9. Weka marekebisho ya Amiet kwa tabaka la mkato pale mkondo unapokutana na hewa tulivu, na vidoa vitarudi nyumbani.

Sasa dawa. Zima upepo. Chukua spika mbili ndogo, ziweke pale kingo mbili za bawa zilipo, sentimita 15. Mara ya kwanza zipigie kelele nyeupe tofauti, kila moja yake. Mara ya pili zipigie kelele ileile moja. Pitisha kwenye hatua zako zote, usibadilishe hata namba moja. Hapo utajua safu yako inaona nini na haioni nini, badala ya kutuuliza sisi tuliokaa mbali.

Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kuandika kurasa tatu za maelezo kuhusu chanzo kipya cha kelele chini ya modeli. Chanzo kilikuwa imara, kilifuata kasi ya upepo, kilikuwa na kila sifa. Nilikuwa nimeshaanza kukipa jina. Kumbe chini kulikuwa na meza ya bati niliyoiacha mwenyewe, inarudisha sauti ya modeli kama kioo. Mwangwi nao una koherensi na mama yake, ndiyo maana CLEAN-SC siku moja ilikuwa inauficha na siku nyingine inauonyesha, kutegemea nani kapiga kelele zaidi. Nilitandika godoro la sponji juu ya meza, chanzo kikafa. Kurasa tatu zikaenda na maji.

---

Ufito10

FundiMaiki, asante sana mkuu, nimesoma mara mbili. Nitafanya la spika.

Ila nina wazo, mniambie kama ni ujinga. Nikipima nikiwa na kila kitu, halafu nikapima tena kwa namna ya kunyamazisha ukingo wa nyuma (kuna wanaoubandika brashi), nikatoa moja kwa nyingine, si nabaki na ukingo wa nyuma peke yake? Kutoa tu, hakuna algorithimu.

---

Ulalo_Sifuri

Si ujinga, watu wanafanya. Unaweza hata kutoa matriksi kwa matriksi kabla ya kuchora ramani, na ndivyo tunavyoondoa kelele ya handaki tupu. Lakini angalia namba. Tuseme vyote pamoja ni desibeli 70, na bila ukingo wa nyuma ni 69.5. Ukitoa unapata ukingo wa nyuma wa 60.4. Sasa tuseme kipimo cha pili kilikosea kwa 0.3 tu, kikawa 69.8. Jibu linashuka hadi 56.5. Karibu desibeli nne zimepotea kwa kosa ambalo hata sikio halilisikii.

Na kosa hilo si la kufikirika. Sekunde 30 za bloku za 4,096 ni bloku 375 zisizopishana. Kosa la bahati nasibu kwenye wastani wa bloku 375 ni karibu asilimia 5, yaani desibeli 0.2. Ongeza kasi ya upepo iliyobadilika kidogo kati ya vipimo viwili, umefika 0.3 bila jasho. Rekodi dakika tano kama diski inaruhusu.

Kuhusu DAMAS, FundiMaiki ana haki, nilijibu kabla ya kuutazama ule ufito. Kwa vyanzo visivyo na koherensi bado naisimamia. Na kuna toleo la azimio kubwa (uwezo wa kuona vyanzo viwili kama viwili) la CLEAN-SC la mwaka 2017 linalosogeza alama pembeni ya kilele ili kutofautisha vyanzo vilivyokaribiana hadi karibu nusu ya kikomo cha kawaida. Lakini nalo lina sharti lilelile, wasicheze mdundo mmoja.

---

SautiYaNyuma

Na mimi nichangie kidogo. Kama unaweza kutoboa bawa, zika kihisi kidogo cha shinikizo karibu na ukingo wa nyuma. Ukitafuta koherensi kati ya kihisi na kila maiki, unaweza kujenga matriksi ya kile tu kinachokwenda pamoja na kihisi. Hapo unatenganisha kwa mdundo badala ya kwa mahali, na kikomo cha azimio hakikuhusu. Tahadhari ni kwamba mtibuko wa ukingo wa nyuma haushikamani upana wote wa bawa. Sentimita chache tu pembeni tayari ni mtibuko mwingine usiojuana na wa kwanza. Kihisi kimoja kitakupa kipande, si chote.

---

FundiMaiki

SautiYaNyuma, hiyo ni nzuri, ila kutoboa bawa la watu kunahitaji moyo mgumu.

Ufito10, nilisahau jaribio la bure kabisa: badilisha kasi. Pima kwa 20, 25, 30, 35, 40. Chochote kinachohama kwenye masafa kwa uwiano wa kasi, kama ile 800 Hz inayoshuka hadi 400 ukipunguza upepo nusu, ni mtoto wa upepo. Chochote kinachobaki palepale ni mtoto wa chumba, wa fremu, au wa waya.

Halafu tazama nguvu. Kelele ya mtibuko unaogonga kitu kidogo kuliko wimbi hupanda kwa kipeo cha 6 cha kasi, hiyo ni ya Curle tangu 1955. Kelele ya ukingo wa nyuma hupanda kwa kipeo cha 5, Ffowcs Williams na Hall, 1970. Ukizidisha kasi mara mbili, ya kwanza inapanda desibeli 18, ya pili 15. Tofauti ni tatu tu, usitegemee ikutatulie kesi. Ila kama eneo unaloliita ukingo wa nyuma linapanda 18 kamili, jiulize kama kweli ni ukingo wa nyuma au ni uchafu wa ukingo wa mbele uliomwagikia hapo.

Na moja la mwisho ambalo halipendezi. Kwa 800 Hz wimbi ni karibu mara tatu ya bawa lako. Hapo bawa zima linatikisa hewa kama kitu kimoja. Kuuliza kelele imetoka ukingo gani ni kama kuuliza mlio wa kofi umetoka mkono upi. Hata safu ya maiki elfu haitakujibu.

---

Ufito10

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Naweka matokeo kwa ajili ya atakayekwama kama mimi.

Spika kwanza. Siku ya kwanza nilitumia spika moja tu, nikakuta kidoa kina mkia wa ajabu upande mmoja. Nilizunguka fremu nzima na kipima waya: maiki ya 37 na ya 38 zilikuwa zimebadilishana nyaya. Tangu nianze majaribio haya! Data zote za nyuma nimezipanga upya, bahati nzuri ni suala la kupishanisha safuwima mbili tu kwenye faili.

Baada ya hapo spika mbili, kelele tofauti. Njia ya kawaida ilizitenganisha kuanzia karibu 3.4 kHz, yaani pale pale Ulalo_Sifuri alipopiga hesabu. CLEAN-SC ilishuka kidogo zaidi, ila nguvu za spika zilianza kuyumba chini ya 2.5 kHz. Kisha kelele ileile moja kwenye spika zote mbili. Kwa 2 kHz nikapata kidoa kimoja safi, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata, katikati kabisa ya spika mbili. Pale katikati palikuwa na hewa tu.

Marekebisho ya Amiet yamerudisha vidoa kwenye kingo, ndani ya milimita 5. Ulalo nimeubakiza na ile sifuri imeondoka, sasa napata namba ndogo yenye kosa kubwa, na naona huo ni ukweli zaidi.

Nikajaribu pia kuondoa ufito ili nisikie ukingo wa nyuma ukiwa peke yake. Bawa likaanza kupiga filimbi karibu na 1,850 Hz, kali hadi jirani wa chumba cha pili akaja kuuliza. Nikakumbuka kwamba bila mtibuko wa ufito tabaka la hewa linaloambaa na bawa linabaki laini na linaweza kulia lenyewe. Nikabandika utepe mwembamba wenye chembe kwenye asilimia 10 ya bawa, pande zote mbili, filimbi ikanyamaza. Lakini sasa ni ukingo wa nyuma wa bawa jingine, si wa lile lililo nyuma ya ufito. Kwa hiyo ninazitaja namba hizo peke yake, sizitoi kwenye nyingine.

Jaribio la kasi limenipa kazi ya ziada: kuna kilele cha 1,240 Hz ambacho hakihami hata kidogo, upepo uwe 20 au 40. Nilikuwa nakihesabu kama kelele ya bawa. Ni bamba la pembeni linaloshikilia bawa, ukiligonga kwa kidole linatoa sauti hiyohiyo.

Kwa hiyo mchoro wangu wa mwisho una mistari miwili, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, kuanzia 3,350 Hz kwenda juu. Chini ya hapo kuna mstari mmoja wa bawa na ufito kwa pamoja. Msimamizi wangu ameuona akauliza mstari wa ukingo wa nyuma umepotelea wapi upande wa kushoto. Nimempelekea picha ya spika mbili na kile kidoa cha katikati. Bado hajajibu.

---

FundiMaiki

Hizo nyaya za 37 na 38 umeziandika kwenye ripoti? Ziandike. Na hilo bamba libane na mpira kabla ya kupima tena.